"Maji yakijaa yatamleta": nimedharauliwa ufuoni Pirates mbele ya mama wa viazi!

Papa_wa_Tudor

Naandika haya bado nina chumvi masikioni. Sijaoga, sijanywa chai, mke wangu kaniuliza mara mbili kuna nini, nimemwambia aniache kwanza niandike.

Huyu mtu mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yeyote anayefanya mazoezi hapa Mombasa kuanzia Nyali mpaka Shanzu keshamwona: soksi za manjano hadi magotini, saa mkononi kubwa kama sinia la pilau, na ile firimbi. Anatupulizia firimbi watu wazima wenye watoto. Nani alimpa firimbi?

Leo ilikuwa zamu ya kuogelea, kilomita 3.8. Ndicho kipande cha kwanza cha zile mbio ndefu za Ironman tunazojiandalia. Ukimaliza kuogelea unapanda baiskeli kilomita 180, ukishuka hapo unakimbia marathoni nzima, 42.2, kama mtu aliyelaaniwa na bibi yake. Tumeingia majini Nyali mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, watu watano, kichwa tumekielekeza Pirates.

Nimeogelea, wallahi. Nimekunywa nusu ya Bahari Hindi. Mwani umenikumbatia shingoni kama mke wa pili. Boti ya kioo imenipitia karibu, watalii wakanipiga picha, nadhani walijua mimi ndiye kasa waliyemlipia. Nikafika. Nikatoka majini na miguu ya ndama aliyezaliwa jana. Nainua kichwa, naona mtu kakaa kwenye kiti cha plastiki, keshajifuta, keshavaa shati kavu, sahani ya viazi karai mapajani, ukwaju unamtiririka kidevuni. Akanitazama. Akatazama saa. Halafu akageuka. Si kwangu. Akamgeukia MAMA WA VIAZI, akamwambia:

"Si nilikwambia? Maji yakijaa yatamleta."

Hebu someni tena. Hakuna pole, hakuna umefika salama. Yatamleta! Kama gogo. Kama kifuu cha nazi. Kama ndala ya mguu wa kushoto. Mama wa viazi akacheka mpaka kiazi kikaungua kwenye karai. Mtu ambaye riziki yake ni viazi, kaacha kiazi kiungue kwa ajili yangu!

Na msidhani ni leo tu. Mwezi uliopita tulikwenda Kilifi kwa baiskeli, kwenda na kurudi kama kilomita 120. Mashindanoni ukimsogelea aliye mbele yako chini ya mita 12 unaadhibiwa, kwa sababu yeye ndiye anayekukatia upepo. Huyu bwana alinikalia nyuma nusu mita kutoka Mtwapa, kwenye mikonge yote ya Vipingo, hadi daraja la Kilifi. Ati mgongo wangu ni Fort Jesus, umejengwa 1593 na upepo haujaubomoa. Tulipoliona daraja tu, akachomoka, akanipita, akainua mikono juu akijipigia firimbi.

Na kila tukikaa kunyoosha misuli lazima atuhadithie Hawaii 1978, mara ya kwanza mbio hizi zilipofanywa: walianza watu 15, wakamaliza 12. Akifika kwenye wale watatu ananitazama mimi. Mimi 1978 hata babangu hajaoa!

Hayo yote nilimeza. Lakini hili la leo limekataa kushuka. Kwa sababu nimelifikiria njia nzima kwenye tuktuk: "SI NILIKWAMBIA." Maana yake walikuwa wanalizungumza. Mimi niko baharini naomba dua, wao wako kwenye kivuli wananijadili, mama wa viazi anauliza yule mwingine yuko wapi, na huyu anamjibu, usijali, maji yakijaa yatamleta. Akasema mara mbili! Mara moja sipo na mara moja nipo!

Nimetoka kwenye kundi la WhatsApp. Nimerudishwa. Nimetoka tena.

Halwa_na_Kahawa

Papa gani analetwa na maji? Badilisha jina ndugu yangu. Mwani_wa_Tudor.

MamaLuqman

Pole sana baba. Huyo kijana hana adabu, hata msibani anakwenda na ile saa.

Lakini hebu nambie, ni mama yupi wa viazi? Yule mnene mwenye ndoo ya buluu au yule wa upande wa ngamia?

Papa_wa_Tudor

Wa ndoo ya buluu. Kwani ina maana gani?

MamaLuqman

Ina maana. Wa ngamia asingecheka, yule ana heshima zake. Ila ukwaju wake ni maji.

Mgeni_Bamburi

Samahani, mnamsema nani?

Halwa_na_Kahawa

Kaa chini.

Nilikuwepo_Mimi

Mimi ni mmoja wa wale watano. Mleta uzi anatuficha mambo.

Kwanza, hakutoka majini kwa miguu. Alitoka kwa magoti na kiwiko kimoja. Pili, alipofika kwenye kivuli alishika mguu wa meza ya viazi akauliza, "Hapa ni Malindi?" Tatu, hajatwambia muda. Saa 2 na dakika 31. Mimi nilishakula, nikaenda kununua maji, nikarudi, nikampigia simu mamangu.

Kijana_wa_Kiembeni

2:31??? Kwenye mashindano yenyewe mwisho wa kuogelea ni saa 2 na dakika 20! Angetolewa na boti hata baiskeli yake hajaiona. Mbio nzima mtu anapewa saa 17, huyu angemaliza mbio akiwa na taulo.

Papa_wa_Tudor

Nilisimama kupisha boti ya kioo. Na mada si muda. Mada ni HESHIMA. Mtu anamgeukia mama wa viazi, hanigeukii mimi niliyetoka baharini!

Mjukuu_wa_Nahodha

Bila kuegemea upande wowote, lile neno lina kasoro ya kibaharia. Maji kujaa hayakuchukui kando ya ufuo kutoka Nyali mpaka Pirates. Yanapanda kuja juu, yanaingilia kwenye milango ya mwamba, basi. Kinachokusukuma kuelekea kaskazini ni upepo wa kusi, na huu ndio wakati wake. Kwa hiyo hukuletwa na maji, umeletwa na upepo. Anayesema maji hajui bahari.

Papa_wa_Tudor

Asante! Mmemsikia mtu mwenye elimu?

Halwa_na_Kahawa

Umesoma vizuri lakini? Kakwambia ulisukumwa na upepo njia nzima na bado ukachukua 2:31. Siku ya upepo wa kaskazi utaingia Nyali utokee Likoni.

Mjukuu_wa_Nahodha

Likoni ni mbali. Labda kwenye taa za Mama Ngina.

Dada_wa_Likoni

Nyie wa Nyali mna raha, mnalilia kuchekwa. Mimi nakimbia na hijabu yangu alfajiri, kila siku bila kukosa kuna wa boda ananifuata polepole ubavuni, "Dada, nani anakufukuza? Panda nikuwahishe." Kilomita nne! Ananifuata kilomita nne na taa imewashwa usoni mwangu. Juzi nimemwambia nafanya mazoezi, akaniuliza mume anajua?

Na rafiki yangu tuliyeanza naye hakuna siku amefika kwa wakati. Feri. Kila siku feri. Nikamwambia sisi wote tuko Likoni, feri unapanda ya kwenda wapi?

Boda_Bombolulu

Sasa sisi tumeingiaje hapa? Kama nyinyi hamtaki kubebwa semeni, lakini mtu akimwona mwanamke anakimbia gizani amwache? Na hao wa baiskeli wasituanze. Wanavaa nguo za kubana wanapanga mstari wa watu wanne Nyali Bridge asubuhi, mtu wa kazi unapiga honi, mmoja anakuonyesha saa yake ati usimharibie mwendo.

Nilikuwepo_Mimi

Soksi za manjano?

Boda_Bombolulu

Huyo huyo! Na firimbi!

Pancha_Kila_Siku

Mimi sitaki kuongea sana. Kuna mtu ana pampu yangu tangu kabla ya Ramadhani. Nimepata pancha Kikambala, nimesukuma baiskeli hadi Mtwapa juani, kwenye vumbi la barabara inayopanuliwa, kila lori likipita nageuka rangi. Nampigia simu ananiambia pampu iko salama. Najua iko salama! Mimi ndiye siko salama!

Dada_wa_Likoni

Ana soksi za rangi gani?

Pancha_Kila_Siku

Nyeupe. Huyu ni mwingine. Ila wanakaa nyumba moja.

Kijana_wa_Kiembeni

Na wale wanaokula tende za wenzao? Mimi nafunga tende zangu 12 kwenye plastiki, nahesabu, kila nusu saa moja, ili nisiishiwe nguvu. Tukifika Takaungu nakuta kokwa. Wamenirudishia kokwa ndani ya mfuko!

MamaLuqman

Hahaha wallahi hiyo ya kokwa imenimaliza. Nimemsomea baba Luqman, kacheka mpaka akakohoa.

Papa_wa_Tudor

Jamani turudi kwenye mada. Mtu amesema SI NILIKWAMBIA. Hakuna anayeliona hilo? Alishasema kabla! Yule mama alikuwa anajua! Nilipofika alikuwa ananingoja acheke!

Halwa_na_Kahawa

Ndugu, ulikula viazi au hukula?

Papa_wa_Tudor

Swali gani hilo?

Nilikuwepo_Mimi

Alikula. Sahani mbili. Na aliyelipa ni mwenye soksi za manjano.

Papa_wa_Tudor

Sikuwa na pesa, nilikuwa natoka BAHARINI. Ningeziweka wapi?

Boda_Bombolulu

Kumbe uzi mzima huu mtu kashiba viazi vya mwenzake.

Kijana_wa_Kiembeni

Mimi sahani ya viazi ninalipiwa, hata ukiniambia nimeletwa na feri nakubali.

Dada_wa_Likoni

Msitaje feri.

Mjukuu_wa_Nahodha

Narudi kwenye lile la maji. Kuna mtu kaniandikia faraghani kubisha. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanasogea mbele kama dakika 50. Leo yalijaa baada ya saa mbili asubuhi, kwa hiyo aliyesema "yakijaa yatamleta" aliijua saa ya maji vizuri. Amekosea njia, hakukosea saa. Hilo nampa.

Papa_wa_Tudor

Na wewe pia?

MamaLuqman

Baba, kwa hiyo Jumapili ijayo maji ya mchana yatajaa saa ngapi? Nataka kuwaleta watoto.

Mjukuu_wa_Nahodha

Mchana mama, karibu saa nane u nusu. Njooni mapema mpate kivuli.

Pancha_Kila_Siku

Na mimi nitakuja. Kama kuna mtu ana pampu.

Papa_wa_Tudor

Mimi siendi Jumapili. Mjue tu. Mpaka niombwe radhi mbele ya yule mama.

MamaLuqman

Hakuna aliyekuuliza baba, tunaulizia viazi. Ndoo ya buluu iko kulia ukishuka au kushoto?