Mliobadili gari, ile ya zamani mliifanyaje kwenye bima na kodi? Tupeane uzoefu

Mwana Mabawa
Wakuu habari za jioni. Nina IST namba C nimekaa nayo sana, sasa nimeagiza Noah iko njiani, familia imeongezeka na safari za Lushoto zimekuwa za kupakatana. IST ina bima kubwa (inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe) na haijafika hata nusu ya muda. Mmoja ananiambia bima inahama na mimi, mwingine inabaki na gari, mwingine ananitisha eti hata nikiipaki uani kodi inatembea. Waliopitia waje na yaliyowakuta, za "nasikia" ninazo za kutosha.

Mzee wa Raskazone
Huyo wa kodi amelala toka enzi zile kijana wangu. Rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, mpaka mafuta ya taa, yaani hata mwenye koroboi anatuchangia barabara. Kabla ya hapo nilikuwa na pikapu liko juu ya mawe, injini imeshushwa, na deni lake linapanda vilevile, mteja akija akiliangalia deni haonekani tena. Siku hizi likilala halidaiwi. Na bima ni ya gari linaloingia barabarani, uani kwako trafiki hafiki. Ila siku ukilitoa hata kulipeleka kwa fundi hapo Chuda, likatie walau bima ndogo (ya kulipa madhara ya watu wengine tu) au livutwe.

Mama Vitz
Mimi Vitz yangu ilienda kwa kaka mmoja wa Korogwe. Mambo yote poa, tukifika kwenye transfa ananiambia dada niachie kadi nitabadilisha nikishavuna. Nikamwambia kaka yangu, ukishavuna utanikuta, na gari utaikuta. Sio roho mbaya jamani, shemeji yangu aliuza kwa kuaminiana, jamaa akawa anapakia abiria njia ya Segera, spidi kila siku, faini elfu 30 juu ya elfu 30, halafu akaja kumgonga mtu wa bodaboda akakimbia, polisi kuangalia namba jina linalotoka ni la shemeji. Mnunuzi laini ya simu kashatupa zamani. Alihangaika yule mtu!
Basi yule wa Korogwe akakubali, tukaenda kwa wakili tukaandikishana, TIN (namba ya mlipakodi) yake na yangu, TRA, yaani mamlaka ya mapato, ada ya kuhamisha umiliki 50,000, kadi mpya 10,000 na stempu asilimia 1 ya thamani. Tuligawana nusu kwa nusu ili asinikimbie. Kabla hamjafika huko angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, maana mnunuzi mjanja ataangalia kabla yako.

Msafiri wa Horohoro
Kwenye bima nina la kusema. Bima imeandikwa gari na jina la mwenye nalo, ukiuza haimfuati mnunuzi hivi hivi, yeye akate yake. Kwa bima ndogo, ile 118,000, sahau, mimi sikurudishiwa hata mia. Bima kubwa ndio ya kupigania. Wakala wangu aliniambia hela ikishaingia haitoki, nikaenda mwenyewe ofisini kwao na barua, kumbe inawezekana, nikachagua kuihamishia kwenye gari jipya na kuongezea tofauti (walinipigia asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu). Ningechukua taslimu wangenikata zaidi, hawahesabu siku zilizobaki tu, wana jedwali lao la muda mfupi na linawapendelea wao. Kama hujawahi kudai fidia omba barua ya kuthibitisha, inakupunguzia kwenye bima mpya.
Halafu wanaovuka kwenda Mombasa, kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvukia mpaka) nayo ina namba ya gari. Mimi bima ya ndani ilishahama, ya njano bado inasoma la zamani, nikageuziwa pale pale mpakani na abiria wangu ndani. Stika mpya ikitoka iangalie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, isiposoma rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo.

Kijana wa Kange
Mkuu hiyo Noah ya mwaka gani? Ikiwa imevuka miaka 10 uchakavu (ushuru wa umri wa gari) peke yake asilimia 30, hapo bado ushuru wa forodha 25 na VAT 18. Mimi niliuza ya zamani mapema ili nimalizie ushuru, nikakaa na bodaboda muda mrefu kuliko nilivyopanga, lakini wenzangu waliosubiri mteja gari ikiwa bandarini walilipa na tozo za kuhifadhi. Bora miguu iume.

Mwana Mabawa
Iko kwenye miaka 9, kwa hiyo uchakavu 15. Asanteni sana wakuu, Jumatatu naandika barua ya bima. Mteja wa IST yupo, wa Muheza, ila anataka kulipa kidogo kidogo na aondoke nayo.

Mama Vitz
Aondoke na picha yake.