Mtu akiomba ushauri wa ngozi au nywele, muulizeni kwanza kabla ya kumtajia krimu!

Wakuu, uzi huu nauandika kwa hasira.

Mtu anakuja anaandika, "Nina vipele usoni, nisaidieni." Hajakaa sawa, majibu yameshamwagika: paka ndimu, paka dawa ya meno, saga kitunguu swaumu, njoo inboksi nina krimu inamaliza kila kitu ndani ya siku tatu. Hakuna aliyemuuliza vipele vina usaha au vinawasha tu, vimeanza lini, anapaka nini sasa hivi, ana mimba au hana. Isotretinoini ya kumeza, dawa ya chunusi sugu, inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na hata tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, mjamzito hashauriwi kuitumia. Ninyi mnazitaja kama mnataja sabuni!

Ndimu nayo. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo tu, pH yake (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi inazidi) ni karibu 5. Maji ya ndimu yako karibu 2. Ukiyapaka ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi yanayochukua miezi kufifia. Mtu anarudi analia madoa yameongezeka, anaambiwa azidishe ndimu.

Lakini kinachonichefua kuliko vyote ni hizo krimu za siku tatu. Krimu inayotuliza kila aina ya kipele kwa kasi hiyo mara nyingi ina steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho, kama klobetasoli au betamethasoni. Klobetasoli ni dawa halali, ina kazi yake kwenye ukurutu sugu au soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba), kwa kawaida isizidi wiki 2 mfululizo, na si ya kujipakia usoni kila asubuhi kama losheni. Mtu akiendelea nayo kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vyekundu vinajitokeza, vipele vipya vinaota. Akiacha, uso unawaka na kuvimba kuliko mwanzo, basi anarudi kuipaka, na muuzaji anapata mteja wa kudumu. Na kama tatizo lilikuwa fangasi? Steroidi inazima mwasho huku fangasi wakizidi kutambaa. Lile duara ambalo fangasi huchora kwenye ngozi linapotea, hata daktari anapata shida kuwatambua.

Makopo yasiyo na lebo ndiyo kabisa, maana yanaweza kuwa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha kati ya nchi vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyoongezwa zebaki. Zebaki inaharibu figo! Wewe unayemwambia mwenzio "mimi imenisaidia", unajua ndani ya kopo lako kuna nini?

Kwenye nywele ni yaleyale. Mama anaeleza mwanawe ana mabaka ya upara yenye magamba kichwani, anaambiwa ampake mafuta ya nazi. Hayo yanaweza kuwa mapunye, na kuvu wa mapunye wanaingia hadi ndani ya unywele, ambako mafuta na krimu havifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, griseofulvini au terbinafini, kwa kipimo kinachopangwa kufuata uzito wake. Akicheleweshwa anaweza kubaki na kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Mba pia mnaumwagia mafuta, wakati chachu (aina ya fangasi) inayouchochea inakula mafuta hayohayo ya kichwani. Shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ikiachwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, inafanya kazi. Na nywele za pembeni zikinyonyoka kwa misuko ya kubana, legezeni misuko! Hakuna mafuta ya kukuza yatakayoshinda kichwa kinachovutwa usiku na mchana.

Halafu kuna wanaonyonyoka nywele miezi 2 au 3 baada ya kujifungua au baada ya homa kali. Mara nyingi zinarudi zenyewe. Wanauziwa chupa, nywele zinaota, sifa inachukuliwa na chupa. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo anayewaahidi urefu wa kiganja ndani ya mwezi anawaibia.

Kwa mliokwisha kupaka hizo krimu kali kwa miezi, hasa sehemu kubwa ya mwili: msiache ghafla kwa sababu ya uzi huu. Nendeni kwa daktari na kopo lenyewe mkononi, awapangie namna ya kuzipunguza.