Ratiba za tivii Kanada: ET, PT, AT kwa Kifaransa mnaziandikaje?

Mtafsiri_Gatineau

Habari wanajamvi, naomba msaada. Nipo Gatineau huku, natafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa, na safari hii nimepewa ratiba ya vipindi vya chaneli inayoonekana Kanada nzima kuanzia Vancouver mpaka St. John's, sasa kila kipindi kina saa na kifupisho cha ukanda wake wa saa, 8 p.m. ET (saa za Mashariki), 5 p.m. PT (saa za Pasifiki), kuna sehemu wameandika EST (Mashariki, saa za kawaida) na kwingine EDT (Mashariki, saa za kiangazi) bila mpangilio wowote, halafu vipindi vya Kimarekani vinakuja na ule mtindo wao wa 8/7c, yaani saa 8 ya Mashariki, saa 7 ya Kati (central). Mwenzangu anasema ET iache hivyohivyo, watu wa Québec wameshaizoea. Mimi roho haitulii kabisa. Zina Kifaransa chake hizi? Na hiyo 7c naifanyaje?

BaMkubwa_Mtl

Zina Kifaransa chake na ni cha siku nyingi mkuu. Angalia matangazo ya Radio-Canada, shirika la utangazaji la taifa kwa Kifaransa, utaona HE, yaani heure de l'Est. PT ni HP, CT (ya Kati) ni HC, AT (ya Atlantiki) ni HA, ya Newfoundland ni HT kwa sababu Wafaransa kisiwa wanakiita Terre-Neuve. Watu wanateleza kwenye MT (Mountain, ya Milimani), mtu anakimbilia HM, kumbe ni HR, R ya Rocheuses, ile milima.

Ukitaka kuonyesha msimu unachomeka herufi katikati, N ya normale (saa za kawaida) au A ya avancée (saa zilizosogezwa mbele kiangazi), kwa hiyo EST inakuwa HNE, EDT inakuwa HAE, PDT inakuwa HAP, twende hivyo. Ila kuwa makini na HA, ile A ni ya Atlantique, haina uhusiano na avancée, kiangazi ukitaka kuitaja kamili ni HAA.

Sasa huo mchanganyiko wa EST na EDT ndo kazi yenyewe. Wenye Kiingereza wengi wanaandika EST mwaka mzima kwa mazoea tu, we ukiifuata herufi kwa herufi ukaweka HNE kwenye kipindi cha Julai, msomaji makini atapiga hesabu, atafungua tivii saa nzima baadaye akute majina ya wahusika yanapanda. Saa za avancée zinaanza Jumapili ya pili ya Machi zinaisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Muulize mteja, akikubali weka HE peke yake kote, haikosei msimu wowote.

8/7c ni 20 h HE, 19 h HC. Na p.m. hiyo tupa, Québec wanaandika 20 h, 20 h 30, na nafasi pande zote za h.

Baridi_ya_Regina

Msitusahau sisi wa Saskatchewan jamani 😂 huku karibu mkoa mzima saa hazisogezwi, tupo HNC mwaka mzima. Kipindi cha 20 h HE wakati wa baridi kwetu ni 19 h sawa na HC yenu, ila kiangazi ni 18 h, wakati Manitoba hapo jirani wao ni 19 h. Ratiba ikiandika HC tu bila kututaja sisi tunakosa nusu ya kwanza ya mechi. Kama kuna nafasi ya maelezo chini ya ukurasa tuwekee kamstari hata kamoja.

Kijana_wa_Buja

Mimi nacheka na hiyo HAE. Mtu wa huku Bujumbura anayesoma Kifaransa akiiona anaweza kuisoma heure de l'Afrique de l'Est, na kati ya hizo mbili pana saa saba! Kwa hiyo ratiba kama itasomwa nje ya Kanada, HAE haifai kabisa. Huku tumekulia kwenye RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wao wanatangaza kwa TU, temps universel, kila mtu anajiongezea mwenyewe, sisi mbili, ndugu zetu wa Nairobi tatu. Na GMT, saa ya Greenwich kule Uingereza, Wafaransa hawakuipenda tangu zamani, sheria yao ya 1911 iliifuata bila kuitaja, wakaandika saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21, Greenwich haimo kabisa. Ubishi wa daraja la juu huo.

MzeeWaKikapu_Dar

Mnahangaika na herufi, sisi wa NBA, kikapu cha Marekani, tunahangaika na usingizi. 7:30 p.m. ET kwetu ni saa nane na nusu usiku wakirusha Oktoba, wakishabadilisha Novemba inakuwa saa tisa na nusu. Bora hiyo HAE na HNE, angalau inakwambia ni ipi.

Mtafsiri_Gatineau

Asanteni sana wakuu, HE imepita, mteja kakubali. Regina nimekuwekea mstari wako. Bado moja, 8 p.m. ET upande wa Terre-Neuve naandika 21 h 30 HT, hiyo nusu ipo kweli au ni ya kwenye ratiba tu?

BaMkubwa_Mtl

Ipo kweli, wako nusu saa mbele ya Atlantique. Na kabla hujatuma, tafuta neno EST kwenye faili lote. Msahihishaji wa Kifaransa akiikuta anaisoma Est ya kwenye dira, macho yanapita, inachapwa hivyohivyo.