Ulinganisho: likizo ya pikipiki pwani ya Tanzania, Tanga na Pangani, Kilwa mpaka Mtwara, au Unguja?

Kisauni_Taratibu

Wadau habari zenu. Mi niko Mombasa, nina Boxer 150, mke wangu anakaa nyuma, na mwaka huu tumeamua likizo tunavuka mpaka tuingie pwani ya Tanzania polepole, yaani asubuhi unaendesha kidogo, saa sita ushafika, mchana ni kuogelea na kula samaki na kulala. Tuna kama wiki mbili hivi mwisho wa Agosti. Sina haja ya mashindano ya kilomita kabisa.

Nimekaa na ramani naona njia tatu. Ya kwanza Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Pangani, tukae Ushongo tukichoka tusogee Bagamoyo. Ya pili kukaza mpaka Dar alafu kusini Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara, na hii ndo roho yangu inaitaka kwa sababu ya Kilwa Kisiwani, nimeisoma tangu primari na sijawahi kuiona kwa macho. Ya tatu kuiacha pikipiki Dar kwa mtu, kupanda boti mpaka Unguja na kukodi skuta huko, mke wangu anaipenda sana hii. Waliopita naomba mnilinganishie, hasa barabara, gharama na uchovu wa abiria wa nyuma.

Binti_Raskazone

Karibu Tanga kaka, na shemeji karibu pia. Mi mzaliwa wa hapa kwa hivyo ntaisemea ya kwanza na sina aibu. Horohoro mpaka Tanga mjini ni lami nzuri, kilomita sitini na kitu, na kabla hujaingia mjini unapita karibu na mapango ya Amboni, ni mwamba wa chokaa, chukua mtembezaji wa pale pale mwenye tochi maana ndani ni giza totoro na kuna sehemu unainama kabisa. Mjini lala siku mbili, Raskazone jioni watu wanaogelea, pweza wa kukaanga hakosekani, na ukitaka maziwa mtindi umefika kwenyewe.

Kwenda Pangani ni kama kilomita 50, na njiani usipite Tongoni bila kusimama. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo kando ya mikoko, nguzo nyingi zimeshaanguka ila bado unaona watu wa pwani walivyokuwa wakizika watu wao kwa heshima. Pangani yenyewe ni mji wa kimya, majumba ya zamani na mto mpana, na hapo ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa waliowapinga, Desemba 1889 baada ya ile vita ya pwani, kwa hiyo kama unapenda historia huna haja ya kwenda mpaka Kilwa kuitafuta!

Ushongo iko ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Mara ya mwisho mi nimevuka kwa kivuko, daraja lilikuwa bado linajengwa. Ukiwa na pikipiki kwenye kivuko mwambie shemeji ashuke atembee, maji yakiwa yamekupwa ile njia ya kupandia inakuwa na mteremko na tope linateleza, wewe weka gia namba moja usishike breki ya mbele.

Mzee_wa_Kusini

Mkuu nakusalimu. Binti wa Tanga kasema vizuri lakini Kilwa ni Kilwa. Hakuna pwani nyingine Afrika Mashariki utasimama ndani ya msikiti wa mawe na matao na kuba zake ulioanza kujengwa karne ya 11, alafu utembee kidogo ufike Husuni Kubwa, jumba la sultani lililokaa juu ya mwamba wa bahari na birika lake la kuogea la pembe nane. Yule msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu huo mji. UNESCO waliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia 1981. Unachukua kibali pale Kilwa Masoko, unapewa mtembezaji, unavuka kwa mashua, na kama upepo uko sawa mnapandisha tanga na hakuna kelele ya injini.

Barabara ya Dar kwenda kusini siku izi ni lami. Unapita Mkuranga, korosho za kuchoma zinauzwa barabarani, Kibiti, Ikwiriri, alafu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, karibu kilomita moja, limefunguliwa 2003 na sisi watu wa kusini tunajua maana yake kwa sababu kabla ya hapo ulikuwa unasubiri kivuko pale Ndundu, mto ukijaa unalala hapo hapo. Baada ya Rufiji vijiji vinapungua, jaza tangi Ikwiriri, kisha Nangurukuru ndo unakata kushoto kwenda Kilwa. Ukiendelea kusini Lindi na Mtwara ukikuta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, usiipite, nunua mkae mle.

Ila nikuambie ukweli, usije masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara maeneo ya Somanga na kusini nzima ikatengwa na Dar. Agosti uko salama, ni kavu.

Fundi_Chumbageni

Naongea ka fundi. Boxer 150 ni pikipiki sahihi kwa hii safari, hapa kwetu bodaboda kibao ni Boxer, spea unapata mpaka kijijini, cheni, klachi kebo, plagi, kila kitu, hilo lisikusumbue. Kinachokusumbua ni upepo. Agosti ni kusi, na kusi inatoka kusini, sasa wewe unaelekea kusini na mtu nyuma na mzigo, ile injini ndogo inapigana na upepo kutwa nzima, utajikuta gia ya juu haivuti unarudi ya chini yake, mafuta yanaenda zaidi kuliko ulivyozoea, na mikono inachoka. Kwenda Tanga hutahisi sana kwa sababu ni mwendo mfupi na asubuhi upepo bado umelala, unaanza kukaza kuanzia saa tano hivi. Lakini Mombasa mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Kurudi ni raha upepo unakusukuma mgongoni, ila kwenda ndo mtihani.

Kingine mchanga. Njia za kushuka ufukweni ni mchanga mtupu, punguza upepo kidogo kwenye tairi, simama wima kwenye vikanyagio, usikate kona ghafla. Cheni usiipake grisi kabisa, grisi inakamata mchanga alafu inasaga sproketi ka msasa, paka oili nyepesi jioni cheni ikiwa bado ya moto, futa na kitambaa, basi. Beba tyubu moja ya nyuma maana pancha nyingi ni za nyuma kwa sababu ya uzito.

Mpole_254

Kwa nini msiende mpaka Msumbiji kabisa? Si kuna Daraja la Umoja mto Ruvuma, fukwe za Pemba ya kule nasikia ni balaa.

Mzee_wa_Kusini

Hapana mdogo wangu. Cabo Delgado kuna vita vya waasi tangu 2017, watu wamehama vijiji vizima. Fukwe ni nzuri kweli na watu wake ni ndugu zetu, Kimwani chao ukisikiliza utakamata maneno mengi, lakini mtu na mke wake kwenye pikipiki kwenda kustarehe, hapana.

Dada_Skuta

Mi nasimama na mke wa mleta mada. Unguja kwa skuta ni likizo ya ukweli kwa abiria wa nyuma. Kisiwa kizima toka kaskazini mpaka kusini ni kama kilomita 85, kwa hiyo hakuna siku utaendesha mpaka mgongo ukuume. Mjini asubuhi, unapita Jozani kuona kima punju, mchana uko Paje au Jambiani, maji yakikupwa utaona akina mama na mwani wao kule mbali. Kizimkazi kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, mdogo tu kwa nje ila ukiujua umri wake unasimama kimya.

Mabaya yake: bei. Fukwe za mashariki na Nungwi Agosti ni msimu wa wageni wa Ulaya, vyumba vinapanda. Skuta yenyewe kagua breki na taa kabla hujalipa, piga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenyewe, na karatasi zote alizokupa tembea nazo kwa sababu trafiki wa Unguja wanasimamisha sana hasa wakiona mko wawili na mabegi. Na helmeti iwe mbili, sio moja.

Ila kaka swali moja, kama raha yako ni ile pikipiki yako, kuiacha Dar wiki nzima si utakuwa unaiwaza?

Kisauni_Taratibu

Dada umenishika hapo, kweli ntaiwaza. Fundi hilo la kusi sikuwa nimelifikiria kabisa na mke wangu amelisoma akasema bas Mtwara tutaenda na basi siku nyingine. Sa niulize, ka tunachukua ya kwanza, tukitoka Pangani kwenda Bagamoyo si tunapita tu Saadani ufukweni? Kwa ramani inaonekana fupi. Na mpakani nahitaji nini na nini, logbuku ni jina langu.

Kondakta_Mstaafu

Mpakani: nenda asubuhi, Lunga Lunga na Horohoro siku izi mnahudumiwa sehemu moja, ukipanga karatasi vizuri hukai sana. Pasi ya kusafiria ya kila mmoja, ama mkachukue ile pasi ya muda mapema, kitambulisho cha Kenya peke yake Tanzania hawakubali. Kadi ya homa ya manjano. Logbuku halisi sio kopi, leseni, na bima ya COMESA ile ya kadi ya njano, ikatie Mombasa kwa kampuni yako kabla hujatoka, usisubiri vijana wa pale nje. Forodha watakupa kibali cha pikipiki cha muda, angalia tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani na kitunze mpaka siku ya kurudi. Pesa badilisha kidogo tu, nyingine M-Pesa inavuka mpaka.

Na ukiingia Tanzania, kila ukiona nyumba zimeanza barabarani shuka mpaka 50. Trafiki na tochi zao za kupima mwendo wamekaa chini ya miembe na hawana haraka.

Binti_Raskazone

Kuhusu Saadani. Ile njia inapita eneo la hifadhi, na hifadhi za taifa huku huingii kutalii kwa pikipiki, kuna tembo na simba humo. Mi nakushauri urudi Tanga, ukamate lami ya Muheza, ununue machungwa pale maana ndo kwao, Segera unakata kushoto, unavuka Wami mpaka Msata, alafu unakata tena kushoto kwenda Bagamoyo, kilomita 64 za lami tulivu, malori mengi yanabaki barabara kubwa ya Chalinze. Kipande cha Segera mpaka Msata ndo cha kuwa makini, mabasi ya Arusha na Moshi yanakimbia hapo, toka mapema. Bagamoyo kuna magofu ya Kaole, kuna misheni ya Wakatoliki ya 1868, na jioni ukibahatika utakuta wanafunzi wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa, wanapiga ngoma.

Lakini kwa moyo wangu wote, kama lengo ni kupumzika, kaeni Ushongo siku nyingi Bagamoyo muifanye hiari.

Mzee_wa_Kusini

Nimekubali kwa safari hii, kwa sababu ya mama wa nyuma na kusi. Ila ukija tena njoo kaskazi ikivuma, Januari au Februari, upepo utakuleta wenyewe mpaka Kilwa kama ulivyoleta majahazi.

Kisauni_Taratibu

Mzee wangu nimeahidi, hiyo Januari iko. Kwa sasa tumekubaliana nyumbani: Tanga siku mbili tatu, Pangani, Ushongo tukae mpaka tuchoke, Bagamoyo tukiwa na nguvu, pikipiki tunaenda nayo yetu. Mke wangu anauliza kile kisiwa cha Maziwe wanachosemaga kinatokea na kuzama, tunaendaje na lini?

Binti_Raskazone

Mwambie shemeji ni fungu la mchanga katikati ya bahari, zamani lilikuwa na miti na kasa walikuwa wanataga hapo sana, miti ikaisha, siku izi maji yakijaa linafunikwa lote. Ni hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio, mashua mnapata Pangani au hapo hapo Ushongo.

Siku ya kwenda chagueni kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana na huku kwetu yanafika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo mnaondoka saa mbili, mnafika fungu linatoka, mnazamia kwenye matumbawe bahari ikiwa tulivu, na mnarudi kabla kusi haijakaza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, fungu linatoka dogo na saa zenyewe zinaangukia mchana au jioni, upepo uko juu, mawimbi yatamchosha. Angalieni kalenda muone mwezi unaandama lini mwisho wa huo Agosti, ndo mpange siku za Ushongo kuanzia hapo, Tanga mjini itasubiri. Na miwani ya kuzamia njooni nayo, ya kukodi mara nyingi mpira wake umelegea.