Kazi ya nyumbani ya Neema

Mama Neema: Hamjambo nyote. Neema amepewa kazi: aandike mambo matatu mazuri ya serikali ya Rais Moi. Mimi wa 1991, ninachokumbuka ni redio tu, taarifa ya habari inaanza na "Mtukufu Rais" kila siku ya Mungu. Nisaidieni, inatakiwa kesho asubuhi.

Binamu Doha: Andika. 1: Aliondoka. 2: Aliondoka. 3: Aliondoka 😂😂

Mama Mdogo Voi: Wee, usimkoseshe mtoto alama. Andika maziwa ya Nyayo. Shuleni tulipewa bure, paketi ya pembe tatu. Unang'ata ncha, unafyonza mpaka inajikunja. Na tupu hatutupi, tunatia mchanga tunaotesha miche ya miti.

Binamu Doha: Shangazi, hayo maziwa ni kodi ya babu. Mbona hutaji Nyayo House? Watu walifungiwa chini ya lile jengo, seli zinajazwa maji. Na Goldenberg je? Pesa za umma kulipia dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa popote!

Mama Mdogo Voi: Nayajua, baba. Kwa bei za 1993 mnunuzi wa unga nilikuwa mimi, wewe ulikuwa unanyonya kidole. Nimejibu lililoulizwa.

Kaka Eldoret: Weka Chuo Kikuu cha Moi, 1984. Kabla yake nchi nzima ilikuwa na kimoja tu, cha Nairobi. Nimesoma hapo, siwezi kukikana. Ingawa ni serikali hiyohiyo iliyokuja kutuambia wazazi wachangie gharama, na baba akauza ng'ombe.

Mama Neema: Mawili tayari. La tatu?

Kaka Eldoret: 1989 alichoma tani 12 za pembe za ndovu pale Nairobi. Majangili walikuwa wanaimaliza Tsavo.

Shemeji Mwatate: NDOVU MSIANDIKE. Juzi wameingia shambani kwangu, mahindi yameisha. Huyo aliyewaokoa angeniachia basi na ua 😡

Mama Mdogo Voi: 😂😂😂 Pole shemeji

Mjomba Mwalimu: Nimesoma yote.

Mama Neema: Mjomba, shikamoo. Samahani kama tumekukwaza.

Mjomba Mwalimu: Marahaba. 1988 tulipiga kura ya mlolongo, tukapangwa nyuma ya picha za wagombea. Mstari wetu ulizunguka uwanja wa shule. Wa yule mwingine, hata mtoto wa nasari angeuhesabu. Jioni akatangazwa yeye. Nikauliza kwa sauti mbele ya watu. Haukupita mwezi, barua ya uhamisho hiyo, nikapelekwa mbali kwenye ukame, mama yake Doha ana mimba yake.

Binamu Doha: Sasa baba, si ndiyo nasema!

Mjomba Mwalimu: Ngoja. Kule siku za kawaida darasani nina watoto 19, 20. Siku ya lori la maziwa, 40. Wengine wametembea tangu alfajiri, na wakishafika wanakaa, wanasoma. Nilikata maboksi kwa kisu changu mwenyewe. Baadaye lori likaanza kuchelewa, KCC, wale wenye viwanda vya maziwa, ikazidi kudhoofika, mwisho halikuja tena, na wale 20 sikuwaona tena. Neema aandike maziwa. Na hilo la kukoma aliandike.

Binamu Doha: Wewe ndiye wa kuwasifu?

Mjomba Mwalimu: Sijamsifu mtu. Aliyehamishwa ni mimi, na hiyo barua sijaisamehe. Lakini rejista niliijaza mimi, siwezi kuifuta.

Mama Mdogo Voi: Basi la tatu ni Desemba 30, 2002. Mgombea wake ameshindwa, akaenda mwenyewe Uhuru Park kumkabidhi Kibaki. Watu wakamrushia matope, akasoma hotuba yake, akaenda zake nyumbani. Majirani zetu wangapi wamekiona hicho?

Binamu Doha: Kwa hiyo… ALIONDOKA. Nilisema nini mimi? 😂

Mama Neema: Hahaha haya, imeingia namba 3. Neema anauliza, paketi ya pembe tatu inasimamaje mezani?

Mjomba Mwalimu: Inakaa vizuri kuliko hizi zenu. 📷 Mwambie pia atazame hii. Rejista ya 1989. Aangalie siku ya lori.

Shemeji Mwatate: Na ndovu mmewatoa?

Mama Neema: Wametoka, shemeji. Lala.