Maji ya tangi la samaki wa bahari hapa Dodoma: nakosea wapi?

Mgogo_wa_Bahari
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Ilazo, nina tangi la lita 120 la samaki wa bahari, wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe kidogo. Najua bahari iko mbali, mashemeji wameshanicheka vya kutosha.

Shida ni maji. Ya bomba yanaacha ukoko kwenye birika, kwa hiyo nilinunua mashine ya RO, ile ya kuchuja madini kwenye maji. Yakitoka humo kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, kinasoma 12. Namwaga chumvi ya akwaria kwenye pipa, halafu najazia hayo maji juu. Chini panabaki kitu cheupe kigumu, hata nikoroge na mwiko wa ugali hakiyeyuki.

Halafu Oktoba hii, kwa jua na upepo, tangi linapungua lita mbili kwa siku. Naongezea kutoka pipa lile lile. Jana haidromita, kipimo cha chumvi, imesoma 1.031 na samaki mmoja anahema juu juu. Nifanyeje?

Binti_Majengo
Kaka, si uchukue tu chumvi ya dukani, ya kilo? Chumvi ni chumvi.

Fundi_Tangi
Hapana dada, ya kupikia ina madini joto ya kuongezwa, na haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Matumbawe yatakufa.

Mkuu, kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Wewe kila siku unaongeza lita mbili, yaani gramu 70. Siku kumi ni gramu 700! Kufidia kilichopaa unatumia maji ya RO matupu, basi. Na funika tangi, hii hewa ya Dodoma inakunywa maji kuliko ng'ombe.

Kuteremsha, usifanye kwa siku moja. Toa lita 4 za tangi, rudishia 4 za RO, kila siku kwa siku sita hivi, mpaka 1.025. Pampu ielekeze juu ili maji yatikisike, samaki apate hewa.

Ule weupe ni chokaa. Ukijaza maji juu ya chumvi, chini panakuwa pazito mno na kalsiamu inaganda. Haiyeyuki tena, mwaga yote. Anza na maji, washa pampu ndogo, ndipo utie chumvi kidogo kidogo. Iache izunguke usiku kucha, pima, ndiyo utumie.

Hiyo TDS ya 12 nayo bado, tafuta kichujio cha rezini, kinachonasa madini yaliyobaki, ukiweke baada ya RO, isome 0. Mapipa yawe mawili, la RO na la maji ya chumvi, ya plastiki, yasiyowahi kubeba dawa, na yaandike. Yakae gizani yamefunikwa, jua linaotesha mwani. Koki ya shaba usiiguse, shaba inaua kamba.

Mgogo_wa_Bahari
Asante sana mkuu. Leo nimetoa lita 4, imeshuka 1.030. Pipa nimelisugua kwa siki, chokaa imetoka ikichemka kama soda. Lile la RO nimeandika MATUPU kwa herufi kubwa, maana mama watoto juzi alichota humo akapikia chai. Anasema hajawahi kunywa chai nzuri vile.

Binti_Majengo
Sasa kaka, hayo ya chai yanauzwa?