Filamu ya vita kwa watu 60: umati unapatikanaje?

Mkazi wa Kirumba aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi na wenzangu hapa Mwanza tumemaliza muswada wa filamu inayohusu mwisho wa Machi 1979, pale Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilipotuma ndege ya Tu-22 kuja kulipua ghala la mafuta la mji wetu, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hadithi inaanza miezi michache kabla ya hapo, kwa msafara wa malori yanayopeleka askari Kagera, inapitia uvukaji wa mto baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa, kisha inarudi Mwanza na kuishia kisiwani.

Kinachotusumbua ni uvukaji huo wa mto. Mwongozaji wetu anataka kikosi kizima kionekane, mbele hadi nyuma, ilhali tuna waigizaji 60, kamera mbili na droni moja. Tunafahamu kwamba filamu ya Waterloo ya mwaka 1970 ilipopigwa picha Ukraine, jeshi la Kisovieti lilitoa askari wapatao 15,000, vilima vikasawazishwa, na mabomba yakapitishwa chini ya ardhi ili uwanja upate matope. Sisi matope tunayo bure; tulichopungukiwa ni watu. Naomba wenye uzoefu watueleze umati mkubwa unatengenezwaje kwa watu wachache, na pia namna ya kupata milipuko bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Ekstra Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkazi, hongereni kwa kuchagua kisa ambacho wazee wengi wa mji huu bado wanakisimulia.

Kuhusu umati, jambo la kwanza ni kumnyang'anya mwongozaji ile droni. Ukipanda juu, watu 60 wataonekana kuwa 60 kamili, na nafasi tupu iliyowazunguka itawaumbua zaidi. Shusheni kamera hadi usawa wa kifua, tumieni lenzi ndefu, na wapangeni watu katika mistari mitatu au minne inayopishana, kwa kuwa lenzi ya namna hiyo huwasogeza walio mbali hadi wakaonekana wamebanana na walio karibu. Acheni mabega na mizigo ivuke ukingo wa picha pande zote mbili. Mtazamaji akiona bega limekatwa upande wa kulia, ataamini mwenyewe kwamba nyuma ya bega hilo kuna mwingine, na mwingine. Pale ambapo ni lazima eneo zima lionekane, ifungeni kamera isitikisike hata kidogo, wapigeni picha watu wale wale wakiwa kushoto, kisha katikati, kisha kulia, halafu mhariri aziunganishe picha hizo tatu kwenye kompyuta. Hata Christopher Nolan, aliyekuwa na fedha za kutosha, alitumia katika Dunkirk ya mwaka 2017 sanamu bapa za askari zilizokatwa kwenye karatasi ngumu na kusimamishwa kwa mbali.

Niruhusuni niongeze jambo ambalo hamkuliuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ekstra, yaani mwigizaji wa kujaza umati, katika kazi ya kampuni moja ya kigeni iliyokuja kupiga picha ufukweni, upande wetu huu wa ziwa. Tulikuwa kama 200. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili asubuhi, tukavalishwa makoti mazito, na kamera haikuwashwa hadi saa saba mchana, kwa sababu gari lililobeba kofia za chuma lilikuwa limekwama njiani. Maji yaliletwa katoni mbili. Vyoo vilikuwa viwili. Kijana aliyekuwa mbele yangu mstarini alianguka akiwa ameshika bunduki ya mbao, na waliokuwa kwenye kamera walidhani anaigiza, wakaendelea kupiga picha. Ilipofika jioni zaidi ya nusu yetu tulikuwa tumevua makoti na kuondoka, na kesho yake waliorudi hawakutosha hata kujaza lori moja. Nilichojifunza siku ile ni kwamba umati hupungua kwa njaa, kiu na kutojua kinachoendelea kuliko unavyopungua kwa uchache wa fedha. Kabla hamjanunua lenzi, tafuteni mama wa uji na mtu mmoja mwenye sauti ambaye kazi yake pekee itakuwa kuwaeleza watu wanasubiri nini.

Mshonaji wa Mlango Mmoja alijibu:

Naunga mkono aliyosema Kaka Ekstra, ila kuhusu sare msianze kushona kabla ya kuwa na barua mkononi. Jeshi limekuwa likikataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare zake, na kisingizio cha sanaa hakitamsaidia kijana aliyekamatwa stendi akirudi nyumbani na suruali ya mabaka. Anzeni na Bodi ya Filamu, kisha jeshi lenyewe, kisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kama bado mnaing'ang'ania hiyo droni. Sare zihesabiwe asubuhi na kurudishwa kwenye gunia jioni, bila hata moja kulala nyumbani kwa mtu.

Wavalisheni sare kamili watu 12 tu wa mstari wa mbele. Walio nyuma watoshelezwe na mashati ya mitumba yaliyotiwa rangi kwenye pipa moja ili yafanane. Kisha zichakazeni zote: viwiko na magoti visuguliwe kwa jiwe, kola zipakwe mafuta ya kula kidogo, na shati zima lipigwe vumbi la njia mtakayopiga picha, si vumbi la uani kwangu, kwa maana wekundu wa udongo wa Kagera unaonekana mara moja kwa anayeujua.

Viatu ndivyo vitakavyowatia aibu. Nimeona filamu zetu ambazo askari ana kila kitu, kisha anainua mguu kuruka mtaro na soli nyeupe ya raba inamulika skrini nzima.

Mlipuaji wa Zamani alijibu:

Nimefanya kazi ya ulipuaji migodini, mkoa wa jirani, kwa muda mrefu, na nitasema bila kuzunguka: asiye na cheti cha baruti asiguse baruti, hata kwa maelekezo ya simu. Kwa bahati nzuri hamzihitaji.

Yale mapande ya moto wa rangi ya chungwa mnayoyaona kwenye filamu ni petroli inayowaka kwa ajili ya kamera. Bomu likianguka ardhini, mara nyingi kinachoonekana zaidi ni udongo mweusi unaoruka na vumbi linalobaki hewani. Kitu hicho mnaweza kukipata kwa hewa iliyoshindiliwa. Fundi yeyote wa matairi ana kompresa. Unganisheni mtungi imara wa hewa, mpira, vali ya kufunguka haraka na chungu cha chuma kilichofukiwa hadi shingoni, kisha kijazeni maranda, vumbi la mkaa na udongo. Fundi anayeelewa vipimo vya mgandamizo ndiye afunge mitambo hiyo na ndiye afungue vali, tena akiwa anamwona kila mwigizaji kwa macho yake. Udongo lazima uchekechwe mara mbili kwa chekecheke ya unga. Ardhi ya Mwanza, kama mnavyojua, imejaa changarawe za mawe yetu haya ya itale, na punje moja ya ukubwa wa harage ikirushwa kwa hewa inapofua jicho sawasawa na risasi.

Kwa upande wa bunduki, tumieni za mbao na mwako uongezwe baadaye kwenye kompyuta. Watu hudanganyika na jina la risasi baridi, yaani ile yenye baruti lakini isiyo na kichwa cha kurushwa. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, alijielekezea kichwani bastola yenye risasi baridi kwa mzaha, wakati akisubiri kazi iendelee, na msukumo wa ule mlipuko mdogo ulitosha kumuua.

Dokezo moja dogo kuhusu sauti: kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, bomu lililoanguka kilomita moja mbali huonekana kwanza na kusikika sekunde 3 baadaye. Filamu nyingi huvileta pamoja. Ninyi viacheni vitengane. Mlinzi wa kisiwa aone vumbi linapanda, aanze kugeuka, ndipo mshindo umfikie. Haigharimu hata shilingi.

Nahodha wa Kayenze alijibu:

Mimi si mtu wa filamu, ni mtu wa mitumbwi, lakini naona mnazungumzia moshi na vumbi kando ya ziwa bila kuutaja upepo. Upande wetu huu wa kusini, usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha ardhi, kwa kawaida kuanzia saa nne au saa tano, hugeuka na kutoka ziwani. Mkianza kupiga picha saa mbili na kumaliza saa saba, moshi wa bomu lile lile utakuwa umeelekea kisiwani mwanzo wa tukio na mjini mwisho wake, na sisi wavuvi tutacheka ukumbini.

Lipo pia suala la jua. Mwezi Machi saa sita mchana jua hapa liko utosini, na chini ya kofia ya chuma uso wa mtu huwa shimo jeusi. Fanyeni kazi hadi saa nne kasoro, pumzikeni, mrudi saa kumi kwa matukio ambayo hayana moshi.

Jambo jingine ni kwamba watangazieni watu. Gari la matangazo lipite mitaani siku mbili kabla, wenyeviti wa mitaa wote wajue. Mama yangu alikuwepo mwaka ule, na mpaka leo ndege ikipita chini huacha anachofanya na kutazama juu.

Mkazi wa Kirumba aliandika:

Nawashukuru nyote. Jana usiku tulikaa na mwongozaji na kumsomea majibu haya. Aliposikia habari ya droni alinuna, lakini ilipofika sehemu ya mlinzi kugeuka kabla ya mshindo kumfikia, alichukua kalamu.

Tumekubaliana hivi: uvukaji wa mto utakuwa alfajiri, ndani ya ukungu, na kamera itakuwa kwenye lori la kiraia, bega kwa bega na dereva aliyechukuliwa na jeshi pamoja na gari lake. Tutaona migongo, mizigo na miguu majini, na sauti ya kikosi kilichobaki itasikika gizani. Hilo linatutoshea kwa watu 60, na huenda 40 tu wakatosha. Bado hatujakubaliana kuhusu swala: mwongozaji anataka waonekane wamekufa, mimi naona itoshe mlinzi kuwahesabu jioni na hesabu isitimie.

Nahodha, tungependa kwenda kuupima upepo kabla ya kupanga ratiba. Je, Jumamosi unaweza kutupeleka?

Nahodha wa Kayenze alijibu:

Nitakuwa mwaloni saa kumi na moja alfajiri. Leteni mafuta ya mashine lita 10, majani mabichi gunia moja ya kutoa moshi, na mtu wa kuandika saa. Huyo mwenye droni naye aje, ila aiache nyumbani.